Wakazi Wachache

Kabla hamjaniuliza: sikuwa uchi. Jirani yangu wa ghorofa ya pili, aliyekifikisha kisa hiki hadi kwa shangazi yangu kule Likoni, ametia chumvi. Nilikuwa na leso. Leso ya mke wangu, ndiyo, lakini leso ni nguo.

Tena mjue nilikotoka. Tarehe 12 Agosti 2020, saa mbili na kitu usiku, tetemeko lilipiga baharini upande wa Tanzania likahisiwa mpaka hapa Mombasa. Kila mtu ana kisa chake cha usiku ule. Mimi nilikuwa ndani ya feri, na feri si hutetema siku zote? Nikashuka sina habari. Miaka yote hii nasikiliza vya wenzangu kama mtu aliyepitiwa na usingizi siku ya harusi ya nduguye. Nikaapa: lijalo halinipiti.

Basi juzi alasiri, joto la kuivisha yai, nimejilaza mkekani, ghorofa ya nne, hapa Majengo. Kikoi changu kiko kambani chakauka, mke amelala chumbani, mimi na rimoti tunatafuta mpira. Mara sakafu ikanisukuma mgongoni. Kidogo tu, kama paka amepita chini ya mkeka. Taa ikayumba. Glasi kabatini zikanong'onezana.

Ni leo!

Ngazi sizikumbuki. Nakumbuka sauti yangu tu: "Tetemeko! Tokeni! Tetemekooo!"

Sasa hapa twende polepole, maana ndipo nilipofia.

Barazani wazee wanne wanacheza dhumna. Muuza kahawa ameinamisha dele, kikombe hakijajaa. Hakuna aliyeinuka. Mzee wa kwanza alikuwa na kete yake hewani. Akaishusha mezani, pa! Meza ikaruka. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Lipi, mwanangu? Hili?"

Nikafungua mdomo, neno halikutoka. Wa pili akavaa miwani. Usoni hakunitazama, yakhe, alikuwa asoma leso. Na kwa vile niliifunga juu chini, akawa aipinda shingo, apinda, hadi mwenzake akamshika bega asianguke. "Ya... Rabi... nisitiri... na macho... ya watu."

Muuza kahawa ndiye aliyeanza kucheka. Kahawa yote kwenye kashata.

"Na juu umemwacha nani?" akauliza wa tatu.

"Mke wangu, ami."

"Na hicho mkononi?"

Wallahi nikautazama mkono wangu kama wa mtu mwingine. Vidole vimekaza. Nikavifungua kimoja kimoja, baraza zima limenyamaza, hata watoto.

Rimoti.

(Anayetaka kucheka acheke sasa, nimeshazoea. Ila rimoti ya televisheni ile haipatikani dukani, nimeitafuta.)

Nikainua macho, mke wangu yuko dirishani. Kaona yote. Ya baadaye ni ya ndani ya nyumba. Mkeka wangu naujua vizuri sasa.

Usiku mpwa wangu anayesoma jiografia akanionyesha kwenye simu: tetemeko dogo, la kina kifupi, limehisiwa na wakazi wachache. Nilitaka kulia. Akasema la kina kifupi, hata likiwa dogo, aliye karibu aweza kulisikia, maana nguvu yake haijachoka njiani. Tena aliyetulia juu ghorofani hulisikia kuliko wa chini, kwani jengo ni kama mnazi, kilele ndicho kichezacho. Apigaye dhumna atasikia nini? Akaongeza kwamba ngazi si za kukimbilia, mtu hujikinga chini ya meza imara mpaka litulie. Yetu ni ya plastiki, lakini nilimshukuru.

Nikashuka na ile simu kama wakili. Mzee wa miwani akasoma, akawapitishia wenzake, ikazunguka baraza ikarudi.

"Wachache," akasema. "Na wote umewaleta hapa wewe peke yako."

Leo asubuhi nimepita kununua mahamri na mbaazi. Salamu zote za heshima. Ila yule wa kwanza alichukua kete, akaigonga mezani kwa utaratibu: ti, ti, ti. Muuza kahawa akaweka dele chini, akaninyoshea mkono.

"Lete rimoti nikushikie."