Kushangaa Si Kutatizika

Wiki chache zilizopita mama yangu mkubwa alinikabidhi barua ya hospitali iliyoandikwa kwa Kiingereza, akaniomba nimsomee kwa Kiswahili. Ilikuwa barua fupi ya mistari sita, na sentensi iliyobeba uzito wake wote ilisema kwamba majibu ya vipimo vyake "have puzzled us", kwa hiyo alitakiwa kurudi ili vipimo viwili vifanywe upya. Nilisoma bila kusita: "Majibu yako yametushangaza." Mama mkubwa aliichukua ile karatasi, akaikunja mara mbili, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wameona nini, mwanangu, hata wakashangaa?" Nilimjibu kwamba hawakueleza. Usiku ule hakulala, na uliofuata alipata usingizi wa mang'amung'amu.

Siku aliporudi, daktari alimweleza kwa utulivu kwamba kipimo kimoja kilionesha hivi na kingine vile, nao walitaka kujua kwa nini havikubaliani. Hapakuwa na cha kushangaza. Hawakuwa wameona jambo la ajabu katika mwili wake. Walikuwa na swali, walikuwa wakilifanyia kazi, na walitarajia kulipatia jibu. Kosa lilikuwa langu, nalo lilitokana na mazoea ambayo tangu siku hiyo siwezi kuyavumilia: mazoea ya kukimbilia "kushangaza" kila tunapokutana na kitenzi cha Kiingereza kinachomhusu mtu aliyepatwa na jambo asilolitarajia au asilolielewa.

Nilipofika nyumbani nilifungua kamusi ya lugha mbili ninayoitumia kila siku, nikatafuta "surprise", "amaze", "astonish", "astound", "puzzle", "baffle" na "bewilder". Kwa vitenzi vitano kati ya hivyo saba, neno la kwanza nililopewa lilikuwa "shangaza". Sikustaajabu sana, kwa sababu hivyo ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa darasani: mwalimu anaandika "surprise" ubaoni, wanafunzi wanataja visawe, na kila anayetaja kitenzi chochote cha jamaa hiyo anapewa alama. Mwanafunzi anatoka hapo akiamini kwamba Kiingereza kina maneno kumi kwa jambo moja, na kwamba kazi yake ni kuchagua lile linaloonekana la kisomi zaidi.

Orodha ya namna hiyo inaficha jambo la msingi kabisa. Vitenzi hivi havielezi hali moja kwa viwango tofauti, bali vinaeleza hali mbili ambazo hazilazimiki kwenda pamoja, yaani kutotarajia na kutoelewa. Mtu aliyefikiwa na rafiki yake siku mbili kabla ya siku waliyopatana anaweza kuwa "surprised" hata kama anajua vizuri sababu ya rafiki huyo kuwahi. Hakumtarajia, lakini hakuna asichokielewa. Kwa upande wa pili, mwanafunzi anayeitazama hesabu ileile kwa wiki nzima anaweza kuwa "puzzled" bila kushtushwa na chochote, kwa kuwa hesabu hiyo imekaa mbele yake siku zote ikimsubiri. Ndiyo maana Kiingereza kinakubali mtu awe "pleasantly surprised", kwa maana kwamba mambo yamekuwa mazuri kuliko alivyodhani, lakini husikii mtu akisema kwamba amekuwa "pleasantly baffled". Kutotarajia kunaweza kuwa neema, ilhali kutoelewa ni mzigo hata pale unapokuwa mwepesi.

Na ndani ya kundi la kutoelewa kwenyewe kuna tofauti ambayo ndiyo iliyomnyima mama mkubwa usingizi, nami ningependa kila anayetafsiri aishike. Swali la kujiuliza ni hili: baada ya jambo kutokea, akili ya mtu inafanya nini? Kwa "puzzle", akili bado inafanya kazi. Mtu anaumiza kichwa, anageuza jambo huku na huku, anarudi nyuma, anajaribu tena. Sarufi yenyewe inatoa ushahidi, kwa maana Kiingereza kinaruhusu kusema "she puzzled over the letter", yaani aliikalia barua ile akiifikiria, au "he puzzled it out", yaani alilifikiria jambo mpaka akalifumbua. Hapo mtu ndiye mtenda. Huwezi kufanya hivyo kwa "baffle" wala kwa "bewilder". Hakuna anayesema "she baffled over the letter", kwa sababu katika vitenzi hivyo mtu ni mtendwa tu. Jambo limemfika, limemfanyia lilichomfanyia, na hana nafasi ya kulijibu.

"Baffle" ni kitenzi cha akili iliyojaribu ikagonga mwamba. Mafundi wanaotengeneza matangi ya kusafirishia mafuta hulitumia neno hilohilo kwa bamba linalowekwa ndani ya tangi ili mafuta yasisukasuke gari linapokata kona au kufunga breki. Mafuta yanakwenda kwa kasi, yanagota kwenye bamba, yanarudi. Hiyo ni picha nzuri kabisa ya jinsi kitenzi hiki kinavyofanya kazi kwa binadamu. Ugonjwa unaoelezwa kwamba "baffled the doctors" ni ugonjwa uliowashinda kuuelewa baada ya kuutafuta, na Kiswahili kina neno hilo tayari, limekaa midomoni mwetu kila siku: umewashinda. Laiti ile barua ingesema "baffled", mama mkubwa angekuwa na haki ya kukosa usingizi. Ilisema "puzzled", na mimi nikampa neno ambalo si hili wala si lile.

"Bewilder" ni hali nyingine tena. Ndani yake limo neno la pori, na maana yake ya asili ni kumpoteza mtu njia. Anayepatwa na hali hii hajakwama mbele ya swali moja. Amezungukwa na mambo mengi kwa pamoja asijue pa kuanzia. Mfikirie mtu aliyefiwa asubuhi, na kufikia alasiri amewekewa mbele yake fomu tano za kujaza, simu haiachi kulia, na kila anayeingia mlangoni anamuuliza jambo. Kila fomu, ukiitazama peke yake, inaeleweka. Ni wingi wake na ghafla yake ndivyo vinavyomfanya asijue kushoto wala kulia. Kumwambia mtu huyo kwamba "ameshangazwa" ni kumkosea heshima.

Jambo linalonigusa zaidi ni kwamba Kiswahili hakipungukiwi na maneno haya. Sisi ndio tunaoyaacha kabatini. "Perplex" linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kusokotana na kufungamana, na sisi tunasema "kutatiza", kutoka katika tata, ile ya nyuzi zilizotatana. Tena tumekwenda mbele zaidi, kwani kutoka katika shina hilohilo tunapata "kutatua", ambalo Mswahili akilitamka anaona uzi ukifunguliwa fundo baada ya fundo. "Confuse" na "confound" zote zina asili katika neno la Kilatini la kumimina vitu pamoja, na Mswahili anapopatwa na hali hiyo husema amechanganyikiwa, au amechanganya majina ya mapacha, bila kuhitaji kufundishwa Kilatini. "Surprise" lilitoka Ufaransa likiwa na maana ya kumkamata mtu kwa ghafla, na kwa muda mrefu lilitumika kwa adui aliyevamiwa kabla hajajiandaa. Nasi tunasema "shambulio la kushtukiza" na "ziara ya kushtukiza", picha ileile kabisa. Hata "amaze" lina undugu na "maze", yaani mzingile, ile njia yenye kona nyingi inayomzungusha mtu asipate pa kutokea. Watu wa lugha zilizo mbali namna hii walitazama akili ya binadamu iliyokwama, wakaona uzi, wakaona mchanganyiko, wakaona uvamizi. Nilipoligundua hilo kwa mara ya kwanza nilikaa kimya kwa muda mrefu.

Kundi la mshangao mkubwa halihitaji maneno mengi. "Astonish", "astound" na "stun" ni ndugu wa damu, vyote vikitokana na neno la Kilatini la ngurumo, kwa hiyo anayepatwa navyo ni kama aliyepigwa na radi; nasi tunasema kapigwa na butwaa. Kosa la kawaida hapa ni la kipimo. Kiingereza husema "very surprised" bila shida, lakini "very astounded" huwa na walakini masikioni mwa wenyewe, kwa kuwa neno hilo tayari limefika kileleni na haliongezewi kitu. "Flabbergast", ambalo lilianza kuandikwa kama neno jipya la mitaani mwaka 1772 na ambalo asili yake haijulikani, ni la mazungumzo na lina uchangamfu. Halifai katika taarifa ya msiba wala katika barua ya daktari. "Dumbfound" ni kumwacha mtu hana la kusema, na "startle" ni mshtuko wa mwili, kugutuka, jambo linalokwisha kabla hujavuta pumzi ya pili.

Ninachoshindwa kukisamehe ni matumizi ya "baffle" katika vichwa vya habari. Neno ni fupi, linaingia vizuri katika nafasi ndogo, na linaahidi maajabu. Kwa hiyo kila mara wataalamu wanapokuta jambo jipya, kichwa cha habari kinatangaza kwamba wamekuwa "baffled". Ukisoma habari yenyewe hadi chini, mara nyingi unamkuta mtaalamu akisema kwamba matokeo ni "puzzling", na kwamba watapima tena. Huyo ni mtu aliye kazini. Kichwa cha habari kimemgeuza kuwa mtu aliyeshindwa, kisha mwandishi wetu anakipokea, anakitafsiri kuwa "Wanasayansi Washangazwa", na msomaji wa tatu katika mnyororo huo anaamini kwamba wataalamu wamekaa midomo wazi wakitazama mbinguni. Mtu akisoma vichwa kama hivyo kwa miaka kumi, atakuwa amefundishwa kwamba kutojua jambo kwa sasa ni sawa na kushindwa, na atawadharau watu ambao kazi yao yote ni kukaa na maswali mpaka yatatuke. Mimi naliona hilo kuwa dhara la kweli.

Nakubali, japo kwa shingo upande, kwamba Waingereza na Wamarekani wenyewe huyachanganya maneno haya. "Bemuse", ambalo ni la kumwacha mtu amezubaa, siku hizi wengi hulitumia kwa mtu anayetabasamu kwa mbali, kwa sababu linafanana na "amuse". "Nonplus", kutoka Kilatini cha "si zaidi", yaani mtu amefika mahali hana tena la kusema wala kufanya, limegeuzwa Marekani mpaka wapo wanaolitumia kwa mtu asiyetikisika hata kidogo, kinyume kabisa cha maana yake. Nakubali pia kwamba asili ya neno haimfungi anayelitumia leo. Hata hivyo, kuyumba kwa maneno mawili si ruhusa ya kuyatupa yote kwenye kapu moja, na anayesema kwamba wenyewe hawajali basi nasi tusijali, hajawahi kumsomea mgonjwa barua yake.

Liko pia suala la mwisho wa vitenzi hivi, ambalo huwatesa wanafunzi wetu kwa sababu inayoeleweka. Katika Kiswahili tunaanza na mtu mwenyewe: anashangaa, anaduwaa, kisha tunaongeza kiambishi ili kumpata anayemsababishia, tukasema shangaza, duwaza. Kiingereza kinaanza upande wa pili, kwa kisababishi, halafu ndipo kinamgeuza mtu kuwa aliyefanyiwa: "surprise", kisha "surprised". Ndiyo maana mwanafunzi anayetaka kusema kwamba ameshangaa huandika "I am surprising", akijitangaza kuwa yeye ndiye kioja. Mwalimu akimwonesha kwamba lugha mbili zimeanzia ncha mbili za kamba moja, kosa hilo hupungua ndani ya kipindi kimoja. Nimelijaribu hilo mara nyingi na sijajuta. Kumpigia mstari mwekundu bila maelezo hakumsaidii.

Watunzi wa kamusi wangetufaa sana kama wangeacha kuanza na "shangaza" na badala yake wakaweka chini ya kila kitenzi sentensi moja iliyo hai, inayoonesha kama mtu bado anaumiza kichwa, au jambo limemshinda, au amepotea njia, au ameshtuliwa tu na sasa ametulia. Nafasi inayohitajika ni mstari mmoja kwa kila neno.

Ile barua bado ninayo. Mama mkubwa alinirudishia akitaka nimwandikie kwa Kiswahili sahihi ili aiweke pamoja na karatasi zake nyingine. Nilikata sentensi niliyokuwa nimeiandika pembeni kwa penseli, nikaandika juu yake: "Majibu ya vipimo vyako yametutatiza, nasi bado tunayafanyia kazi." Alivaa miwani, akaisoma mara mbili huku akifuatisha kwa kidole, akaniuliza kama kweli hivyo ndivyo ilivyokuwa imeandikwa tangu siku ile ya kwanza. Nikamwambia ndiyo.