Shule ya Mtaani au ya Mjini? Hesabu ya Uhamisho Tanga

Jirani yangu hapa Mikanjuni analizungusha jambo moja tangu Ramadhani: amhamishe binti yake wa darasa la pili kutoka shule ya msingi ya mtaani, anayoifikia kwa miguu chai ikiwa bado ya moto tumboni, ampeleke nyingine kule upande wa Chumbageni. Zote za serikali, zote hazina ada. Nikamuuliza tofauti iko wapi. "Kule wanasoma," akanijibu. "Huku wanakaa."

Akanionyesha daftari la hesabu. Nane kujumlisha saba, mtoto kaandika kumi na nne, na pembeni pana alama ya vema. Ukurasa wa pili hivyo hivyo. Alama zenyewe zimepinda, si za mkono wa mtu mzima: ni kiranja aliyesahihisha. Mwalimu ana watoto zaidi ya mia, wakati kiwango cha serikali ni 45. Sina la kumlaumu. Madaftari mia hayasahihishiki kila siku, na kesho yake yapo mengine mia. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016 watoto wamemiminika shuleni, jambo la heri, ila vyumba na walimu havikumiminika kwa kasi ile.

Kwa hiyo mama ana hoja, na iliyo nzito kuliko zote ni ya wakati. Darasa la kwanza na la pili ni miaka ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Akifika la tatu masomo yanaongezeka, na mwalimu wa huko hana nafasi ya kurudi nyuma kumfundisha mtu silabi. Anayemwambia mama huyu "subiri, atakua tu" hajashika daftari lile.

Lakini shule ya mjini ameichagua kwa kusikia. Wenzake wanamtajia matokeo ya darasa la saba. Mimi matokeo hayo huyasoma kwa jicho moja. Aliyefaulisha la saba siye atakayemfundisha la pili, na watoto wengi waliofaulu walikuwa na tuisheni jioni na mzazi wa kuwakagua nyumbani, kwa hiyo namba ile inapima na sebule zao. Januari 2023, ilipotoa matokeo ya kidato cha nne, NECTA, yaani Baraza la Mitihani, iliacha kutangaza shule kumi bora. Mitaani orodha bado tunazo, tena za kichwani. Halafu shule yenye sifa hujaa kwa sifa yake hiyo hiyo. Nilipomuuliza kama amechungulia darasa la pili la kule akahesabu vichwa, alicheka.

Njia nayo ina gharama yake. Nauli ya mwanafunzi shilingi 200 ni ndogo, na ndiyo maana konda haipendi. Simama kituoni asubuhi uone: anaweka mkono mlangoni, "denti wawili tu, wengine ngojeni inayokuja", na inayokuja inasema vilevile. Mtoto wa miaka minane. Jioni naye anafika nyumbani alasiri imeshaingia, wenzake wako chuoni wamekwisha kusoma nusu ya darasa la Kurani. Kwa familia ya Tanga hilo si dogo; ukimkosesha mtoto chuo, bibi yake ataitisha kikao.

Zipo hali ambazo ningehamisha kesho bila kikao. Mtoto anayepigwa mpaka anaumwa tumbo kila Jumatatu. Mtoto mwenye ulemavu ambaye shule ya mtaani haina mwalimu wa elimu maalumu. Huyo anafuata kitengo kilipo, hata kama ni mbali. Msichana mkubwa ambaye shule yake ina matundu mawili ya choo, ilhali kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20. Hayo hayangoji.

Akiamua kuhama, kuna mtego wa makaratasi. Barua inapita kwa mwalimu mkuu, kule aendako wathibitishe nafasi ipo, na namba yake ya PReM, ile ya kumtambulisha mwanafunzi, ihamishwe kwenye mfumo. Wapo wanaopeleka mwili tu. Mtoto anakaa darasa jipya, jina limebaki la zamani, na linakuja kuwasumbua upimaji wa darasa la nne unapofika. Mtego mwingine ni kukaririshwa darasa kama sharti la kupokelewa. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa madarasa machache, likiwamo la tatu, na kundi lile litamalizia msingi darasa la sita huku waliokuwa la nne mwaka ule wakienda hadi la saba. Aliyekuwa la nne akirudishwa nyuma mwaka mmoja tu anajikuta kwenye mtaala mwingine kabisa.

Ushauri wangu kwa jirani ulikuwa huu: muhula mmoja zaidi, na daftari lile alipeleke kwa mwalimu wa darasa, kwa upole, kabla ya barua. Alikwenda. Mwalimu alilitazama kimya, akamhamishia mtoto dawati la mbele, akamwomba mama awe anapitia hesabu kila jioni naye atapitia za Ijumaa mwenyewe.

Barua ya uhamisho ameshaiandika. Iko kwenye mkoba, haijapelekwa. Ijumaa mbili zimepita, na alama za vema za ukurasa wa mwisho zimenyooka.