Mtoto Akianguka Mbioni, Msikimbilie Kifafa

Juzi msibani, huko Kibosho, mama mmoja alisema kwa sauti ya kufunga mjadala: "Ukoo ule watoto wao huanguka tu. Ni mkosi." Watu wakaitikia, chai ikaendelea kumiminwa. Mimi ya kwangu haikushuka.

Marehemu alikuwa binti wa darasa la tano. Aliwahi kuanguka shuleni akikimbia, akapewa dawa za kifafa, basi. Alianguka akiwa anafanya nini? Hakuna aliyejisumbua kuuliza. Wataalamu wetu wa mapepo, ndio usiseme.

Kuna ugonjwa wa kurithi uitwao long QT. Moyo ukitazamwa ni mzima kabisa, ila umeme wake unachelewa kujipanga upya baada ya kila pigo. Mtoto akikimbia, akiogelea au akishtuliwa na kengele, mapigo yanavurugika, damu haifiki kichwani, anaanguka na pengine kutikisika. Hapo tunaita kifafa. Inakadiriwa mtoto 1 katika kila 2,000 huzaliwa nao, na mara nyingi mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu. Kwa hiyo yule mama, nakiri kwa shingo upande, kuhusu ukoo alipatia.

Sawa, kifafa kipo, na ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, ya kwanza inaweza kutoka safi. Lakini aliyedondoka katikati ya mbio anakosaje hata hiyo moja? Ni dakika chache tu. Na propranolol, dawa ambayo wazee wa presha wanaijua, huwakinga wengi.

Sisi Wachagga kila Desemba ukoo mzima unapanda mlimani. Tunajua mpaka wa kila kihamba na nani alinuna ndafu ilipogawiwa. Tushindwe kuuliza nani alikufa ghafla akiwa kijana? Nani alizama mtoni ilhali anajua kuogelea? Yupo aliyezaliwa kiziwi na huanguka? Madaktari Jervell na Lange-Nielsen waliandika habari za watoto wa namna hiyo huko Norwei mwaka 1957. Majibu hayo mpelekeeni daktari.

Erythromycin, antibiotiki ya kujinunulia dukani, pia muiache, inauchelewesha zaidi umeme huo huo wa moyo.

Na mkipima, pimeni wote, hata yule anayejisifu hajawahi kuumwa kichwa. Wapo wanaoubeba bila dalili hata moja, na wanauzaa.