Kipa aliyekuwa akishona kofia

Kwetu Wete, mwanamke akimwita mwenziwe "shoga" anamtaja mtu wake wa siri, aliyekula naye, akalia naye, akambebea mtoto. Mashoga zangu wawili wako Pemba hadi leo na kila Ijumaa tunapigiana simu. Neno hilo hilo likitupwa kutoka jukwaani likamwangukia mwanamme aliye uwanjani, linakuwa tusi la kumvua nguo mbele ya baba yake. Nimelisikia kwa maana zote mbili tangu mdogo na sikuwahi kuona ajabu. Ajabu niliiona Portland, jimbo la Oregon, Marekani, ninakoishi mwaka wa saba sasa nikihudumia wazee, siku mwenzangu wa kazini aliponichukua kwenda kutazama mpira.

Mimi si mgeni wa mpira. Nimelelewa na kaka wanne, redio ya mpira haikuwa ikizimwa, na Chipukizi wakicheza na Jamhuri nyumba yetu iligawika hadi kwenye sinia. Lakini kiwanjani sikupelekwa. Baba alikuwa akisema mpira wenyewe hauna neno, yanayosemwa pembeni ndiyo hayafai kusikiwa na mtoto wa kike. Kwa hiyo uwanja wangu wa kwanza kuingia, mtu mzima na watoto wawili, ulikuwa Providence Park.

Treni inakushusha karibu na mlango. Uwanja unaingiza watu elfu 25 na ushei, na upande wa kaskazini ni wa mashabiki wa timu ya Portland Timbers, wanaojiita Timbers Army. Hawa hawakai. Wamesimama mechi nzima na ngoma zao, tarumbeta, mabendera, na wapo waliopanda juu wakawapa mgongo wachezaji, kazi yao kuongoza nyimbo tu, mpira wenyewe hawauoni. Timu ikifunga, mtu mmoja anayejulikana kama Timber Joey anakata pande la gogo kwa msumeno wa mashine, maana mkoa huu uliishi kwa mbao, na mfungaji hukabidhiwa pande lake mechi ikimalizika. Nilisimama pale nikaukumbuka mchezo wa ng'ombe wa kwetu Pemba, wanawake wanavyoimba mpaka mchezaji na ng'ombe wote wawili wanapandwa na mori. Kelele za namna ile nazijua. Sikujihisi mgeni.

Ila usiku ule ulikuwa usiku wa Pride, na sikuambiwa. Juni ni mwezi wa wapenzi wa jinsia moja na wenzao kujionesha hadharani, kwa kumbukumbu ya Juni 1969, polisi wa New York walipoivamia baa ya Stonewall na wateja wakakataa kutawanyika. Klabu nyingi za mpira za Marekani huuweka mchezo mmoja wa mwezi huo kuwa wa Pride. Nikaona bendera za upinde wa mvua kila upande, kubwa na ndogo, kitambaa cha kepteni kina rangi hizo, watu wamejipaka nyuso. Nasema kweli, lau ningeambiwa mapema nisingekwenda. Mama mmoja wa makamo aliyesimama ubavuni mwangu aliniona sina kitu shingoni, akanivisha skafu yake ya pili. Upande mmoja ilikuwa kijani ya timu, upande wa pili zile rangi. Nikaigeuza ikae kijani nje. Akaona. Hakusema kitu, akaniinamia sikioni kunifundisha maneno ya wimbo uliokuwa ukianza.

Jambo lile dogo nimekaa nalo muda mrefu kuliko mabendera yote.

Mzanzibari atanielewa nikisema bendera zile ni kanga. Mwanamke wa kwetu asiyeweza kumwambia jirani yake neno, hulivaa: jina la kanga linasema, yeye anapita kimya na kapu lake la sokoni. Wale pale wamelivaa neno lao. Vitambaa vikubwa vya jukwaani mashabiki wanavipaka rangi wenyewe, kwa fedha zao, usiku baada ya kazi. Mtu aliyevifanya kwa mikono yake anamaanisha. Na hawa wameonesha kwamba wanamaanisha, maana uwanja ule ni nyumbani pia kwa Portland Thorns, timu ya wanawake. Septemba 2021 Mana Shim na Sinead Farrelly, waliowahi kuichezea, walijitokeza hadharani wakamtuhumu kocha wao wa zamani kwa unyanyasaji wa kijinsia, yeye akakana. Tarehe 6 Oktoba, mechi za ligi zikasimama dakika ya sita, wachezaji wa timu zote mbili wakaja katikati ya uwanja wakashikana mabega. Mashabiki wakasusa kununua vitu vya klabu, wakapiga kelele mwenye timu aiuze, wakaendelea kupiga kelele mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, hadi akaiuza, na Januari 2024 ikaingia mikononi mwa familia ya Bhathal. Jukwaa liliwasimamia wachezaji wake. Nilipoisoma habari hiyo yote nikaacha kuuona usiku ule kama maonesho ya mapambo.

Hata hivyo kuna pahala naachana nao. Mei 2022 Idrissa Gueye, Msenegali na Muislamu, hakucheza mechi ya klabu yake, PSG ya Ufaransa, na Montpellier, siku ambayo namba za jezi zilitiwa rangi za upinde wa mvua, na kamati ya maadili ya Shirikisho la Soka la Ufaransa ikamwandikia kumtaka ajieleze. Desemba 2024 wachezaji wa Manchester United hawakuvaa koti la rangi hizo kabla ya kucheza na Everton, kwa sababu Noussair Mazraoui wa Morocco alisema dini yake haimruhusu. Hapo mimi niko upande wa Gueye na Mazraoui bila kuuma maneno. Kanga unayovalishwa kwa amri ya bosi si kanga tena, ni sare. Anayeishona bendera yake aipeperushe, na asiyeitaka aachwe acheze mpira. Wala sikusikia kwamba mmoja kati ya hao wawili alimtukana mtu. Walisema "mimi hapana", basi.

Sasa nije nyumbani, maana ndiko ninakoandikia.

Kila droo, kila Juni, simu yangu inajaa ujumbe kutoka Unguja na Pemba: hao wanataka kutuletea mambo yao. Droo ya Kombe la Dunia ya Desemba 2025 ilipouangushia mji wa Seattle, huku Marekani, mechi ya Misri na Iran ya tarehe 26 Juni 2026, mechi ambayo kamati ya wenyeji ilikwisha kuipangia sherehe za Pride kabla ya kujua nani atacheza, nchi zote mbili zikapinga, na ujumbe ukazidi. Nawajibu ndugu zangu hivi. Hakuna aliyekuja Gombani, uwanja wetu wa Pemba, na bendera. Sheria ya Zanzibar inajulikana: tangu marekebisho ya mwaka 2004 ni kifungo hadi miaka 14 kwa wanaume, na kwa wanawake hadi miaka mitano. Dini yangu nimeondoka nayo Pemba na bado ninayo. Ninalotaka tulizungumze halikuletwa na mtu kwa meli wala kwa ndege. Ni midomo yetu.

Mtoto wa mama yangu mdogo alikuwa kipa. Mrefu, mikono mirefu, mtu wa sauti ya chini ambaye ukimsalimia anakujibu akitazama chini. Alikuwa akishona kofia za vito, kazi aliyofundishwa na babu yake, na kofia yake moja ilimchukua miezi. Alikuwa hodari kweli. Kaka zangu, ambao hawasifu mtu, walimsifu. Timu gani na kiwanja gani sitaji. Mechi moja timu yake ikifungwa, mtu mmoja akaanza na lile neno kila akishika mpira, wakaitikia kumi, wakaitikia mia, watoto wa skuli nao wakaitikia bila kujua wanachosema. Sauti yake, kofia zake, jinsi anavyotembea, vyote vikaimbiwa. Baba yake alikuwepo. Mechi iliyofuata ikawa vile vile, na ya tatu. Akampa jirani glavu zake. Alikuwa na miaka 19.

Hakuna aliyejua lolote juu yake. Hakuna hata mmoja. Na hapa nataka wanaojificha nyuma ya dini wanisikilize, maana hili ni somo la chuoni tulilosoma sote tukiwa na mbao mapajani. Surat Al-Hujurat, aya ya 11: watu wasiwadharau watu, huenda hao wakawa bora kuliko wao, wala wasiitane kwa majina mabaya. Surat An-Nur, aya ya 4: anayemsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi bila mashahidi wanne ana bakora 80, na wanavyuoni wakaiweka hukumu hiyo hata kwa anayemsingizia mwanamme. Mia mbili wale waliopiga ukelele pale hawakuwa na shahidi mmoja. Walikuwa na tiketi. Asubuhi yake wakakutana naye barazani wakamwambia "as-salaam alaykum", akaitikia.

Hilo ndilo linaloniuma nikilinganisha. Portland nina miaka saba na jirani wa mlango wa pili simjui jina. Mzee anaweza kufa akakaa siku mbili bila kujulikana. Nimeyaona kwa kazi yangu. Wete mtu akikohoa usiku, asubuhi anaulizwa amelalaje na anapelekewa uji. Hao watu wa uji ndio waliomzomea mtoto wa mama yangu mdogo. Na hawa wasiojuana majina mitaani, wakiingia uwanjani wanashikana mabega na mwanamke mwenye hijabu aliyeigeuza skafu yao. Sijui kulieleza hili vizuri zaidi ya hapa.

Msinielewe kwamba huku ni peponi. Mashabiki wa Mexico wana neno la Kihispania wanalompigia kipa wa upande wa pili kila anapoupiga mpira kutoka golini, na maana yake haiko mbali na lile letu. Kipa, tena kipa! Niliposoma hayo nilikaa kitako. FIFA imeitoza Mexico faini mara kwa mara, na tarehe 15 Juni 2023, Las Vegas, refa akaumaliza mchezo wao na Marekani kabla ya muda wake kwa sababu ya ukelele huo. Australia, mchezaji Josh Cavallo alisema hadharani Oktoba 2021 kwamba yeye anapenda wanaume. Januari 2022 mashabiki wa Melbourne wakamtukana uwanjani. Matusi yapo kote. Tofauti ni kwamba kule kuna anayesimama akasema basi.

Na sisi tunaweza. Utaratibu wa FIFA hauhitaji bendera ya rangi yoyote: refa anasimamisha mchezo na tangazo linatolewa; wakirudia, timu zinatoka nje kwa muda; wakirudia tena, mechi inavunjwa. Ningependa kuuona ukitumika katika ligi ya Zanzibar kwa tusi lolote la kumdhalilisha mtu, liwe la lile neno, liwe la rangi, liwe la mama wa refa. Viongozi wa mashabiki, wale wenye ngoma, wanajua kulizima tusi kwa kuanzisha wimbo. Nimewaona wakifanya hivyo wanapotaka. Uwanja mpya wa Amaan, Unguja, ulifunguliwa Desemba 2023. Januari 2025 Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa, waliifunga Burkina Faso 2-1 Gombani wakachukua Kombe la Mapinduzi. Mimi nilitazama kwa simu, asubuhi ya huku, kazini, nikilia, na macho yangu yakiwatafuta wanawake jukwaani. Binti yangu ana miaka minane. Nataka likizo ijayo nimpeleke, na nataka baba yangu, ambaye sasa ni mzee, asiwe na sababu ya kunizuia.

Wiki iliyopita nilimpigia mtoto wa mama yangu mdogo. Yuko Mkoani, ana duka, kofia bado anashona lakini mpira hatazami. Nilimsimulia habari za gogo, jinsi mfungaji anavyopewa pande lake. Akanyamaza kidogo, akauliza kipa anapata nini. Nikamwambia kipa asipofungwa naye anapewa lake, analiinua juu mbele ya jukwaa na watu wanamuimbia.

"Glavu zake za namna gani, dada?"

Nikamwambia sikuangalia. Akasema nikienda tena niangalie.