Mche wa tambarare na kiu ya pili

Mwaka jana, masika yalipokwisha, kikundi chetu cha kupanda miti hapa Moshi kilibishana juu ya ndoo za maji. Tulikuwa tumepanda migrivea, mijohoro na migunga kwenye shamba la chini, kule tambarare, ambako hakuna mfongo, yaani mfereji wa asili wa Wachagga, wa kufungulia maji kama kwenye vihamba, mashamba ya nyumbani, vya juu mlimani. Meku mmoja (ndivyo Wachagga tunavyomwita mzee) wa Uru akasema tusimwagilie tena, kwa sababu mche uliozoea ndoo hufa siku ndoo isipofika. Mama anayetunza kitalu chetu akamjibu, "Meku, mtoto mchanga hafundishwi njaa." Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwapima wote wawili. Kila mmoja ana ukweli wake, ila uzito wake haulingani.

Nianze na Meku. Mche ukionja ukame haukai tu ukisubiri mvua. Hufunga vitundu vidogo vya majani vinavyotoa mvuke, majani mapya huja madogo na mazito, na sehemu kubwa ya chakula hupelekwa mizizini. Mirija mipya ya maji inayoota wakati wa kiu huwa myembamba. Haipitishi maji mengi, lakini haiharibiki upesi. Ipo hata aina ya kumbukumbu: katika mimea ya maabara, baadhi ya jeni zilizoamshwa na ukame wa kwanza huamka kwa nguvu zaidi ukame ukirudi. Ndiyo maana watu wa vitalu hukomaza miche kabla ya kuitoa. Wiki chache za mwisho wanaondoa kivuli kidogo kidogo, wanapunguza maji, wanakata mizizi iliyotoboa viriba, yaani mifuko ya plastiki ya kuoteshea miche. Mche ulionyweshwa asubuhi na jioni kivulini hutoka mrefu, wenye majani mapana, na wanunuzi huukimbilia huo. Upande mche huo Kahe, kule tambarare, kwenye jua kali uone: majani yale yanaidai mizizi maji ambayo haina.

Sasa mama wa kitalu. Maji hupanda ndani ya mti kama uzi mmoja toka mzizini hadi jani, na jani ndilo linalouvuta. Udongo ukikauka kupita kiasi uzi unakatika, hewa inaingia kwenye mrija, na mara nyingi mrija huo ndio basi tena. Mti mkubwa una mirija mingi ya akiba; mche wa unene wa penseli hauna. Tena vitundu vile vinavyofungwa kuzuia mvuke ndivyo vinavyoingiza hewa ya kutengenezea chakula, kwa hiyo mche uliojifunga unakula ghala lake. Mvua ikirudi, unahitaji muda wa kuotesha mizizi, kujenga mirija mipya na kujaza ghala upya. Kiu ya pili ikiwahi kabla ya hapo, inaukuta mche umeshajifunza lakini hauna nguvu ya kutumia ulichojifunza.

Hata miti mikubwa huchelewa kupona. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Science ulipima pete za ukuaji wa miti kutoka maeneo zaidi ya 1,300, mengi yakiwa nje ya tropiki, ukakuta kwamba baada ya ukame mkali ukuaji hubaki chini kwa mwaka 1 hadi 4. Kalenda yetu haitoi nafasi hiyo. Tuna masika Machi hadi Mei, kiangazi kirefu, vuli Oktoba hadi Desemba, kisha ukavu wa Januari na Februari. Vuli ikikosa, kama mwaka 2021 mifugo ilipokufa kwa wingi wilayani Simanjiro, ukavu wa kwanza unaungana na wa pili bila mche kupumua.

Oktoba nilichukua jembe nikaenda kufukua. Mgrivea uliokufa ulitoka na udongo wake ukiwa bado na umbo la kiriba, mzizi mkuu umejizungusha chini mara tatu kama kamba iliyotupwa ndani ya ndoo. Miezi sita ardhini, haukuwahi kutoka nje ya umbo lile. Hatua chache kutoka hapo palikuwa na mgunga uliopukutisha kila jani, kimo chake shubiri moja. Tuliuhesabu umekufa. Nilichimba pembeni mpaka mkono ukazama hadi kiwiko, na mzizi ulikuwa bado unashuka. Nilipokwaruza gome kwa ukucha, ndani palikuwa kijani.

Mgunga ule hatukuufundisha sisi. Umerithi kushusha mzizi kwanza na kuacha majani yaende, wakati mgrivea asili yake ni mashariki mwa Australia, kwenye mvua nzuri zaidi. Kuzoesha kiu kunapanua kidogo tu uwezo ambao mti umezaliwa nao. Kwa mparachichi, ambao mizizi yake haiendi chini sana, nisingethubutu kabisa.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza nasimama na mama wa kitalu: mche upewe maji. Namna ya kuupa, namfuata Meku. Kikombe cha kila siku hulowesha vidole viwili vya udongo na kuiita mizizi juu. Ndoo nzima kila baada ya wiki mbili, na matandazo mazito juu yake, huipeleka chini.

Lakini Meku alikuwa na hoja nyingine ambayo hatukuijibu: nani atayabeba maji hayo? Miche 200 kwa ndoo ya lita 20 ni lita 4,000 kila mzunguko, na kichwa kinachobeba ni cha mwanamke aliyetoka kupanga foleni bombani. Jibu langu ni kupanda michache. Na tuiwahishe. Aprili mosi, Siku ya Taifa ya Upandaji Miti, inafaa sana mlimani. Tambarare inauachia mche kama miezi miwili tu kabla ardhi haijakauka. Nimependekeza miche 60, mingi ikiwa migunga, iingie shimoni na mvua za kwanza za Machi. Meku amekubali, kwa sharti kwamba vitako vya viriba atavikata yeye mwenyewe, kwa wembe, kimoja kimoja, kabla mche wowote haujashushwa.