Nyasi Zangu Zilitaka Kiangazi, Si Sebule

Nilipokuwa nyumbani, nyasi zilikuwa kitu cha kufyeka, na sikuwahi kuwaza kwamba siku moja ningebeba chungu cha nyasi kwa mikono miwili ili kukiingiza ndani kabla jalidi (umande ulioganda kwa baridi) haijaanguka. Huku ughaibuni, aina moja ya nyasi za mapambo, Pennisetum ya majani ya zambarau iitwayo ‘Rubrum’, hupendwa majira yote ya joto, kisha baridi ikifika wengi huiacha ife na kununua nyingine mwaka unaofuata. Naona huo ni upotevu, hasa kwa kuwa haizai mbegu za kutegemewa na huzidishwa kwa kugawa shina. (Ndugu yake wa kijani, Pennisetum setaceum, mwenye asili ya Afrika, huzaa mbegu nyingi mno, hata Umoja wa Ulaya ukamweka mwaka 2017 katika orodha ya mimea vamizi.)

Kosa letu sisi tuliokulia kwenye joto ni huruma. Mwaka wa kwanza nilidhani nyasi zangu zinaumwa na baridi kama mimi, nikaziweka karibu na kipasha joto na kuzimwagilia kila baada ya siku moja, hadi kitako cha shina kikaoza na kuanza kunuka. Nilikuwa nimezipa masika mahali ambapo mwanga wa dirishani haukutosha kulisha hata jani moja. Ilhali nyumbani nilikuwa nimeona miaka yote jinsi nyasi zinavyokauka kiangazi, zikabaki visiki vikavu, na bado zikawa hai chini.

Tangu hapo nazitengenezea kiangazi. Nazikata hadi kimo cha sentimita 15 hivi, naziweka kwenye gereji isiyoganda, yenye joto la nyuzi 5 hadi 10 za Selsiasi, na kuzipa maji kidogo mara moja kwa mwezi, kiasi cha kuzuia mizizi isikauke kabisa. Kuziacha nje hakufai hata zikifunikwa, kwa sababu mizizi iliyo chunguni hupigwa na baridi pande zote, tofauti na iliyo ardhini, na chungu chenyewe cha udongo hupasuka maji yaliyomo yanapoganda. Mafunjo, ambayo kwa hakika si nyasi, hayafuati kanuni hii: hayo hukaa ndani penye joto na mwanga, na chungu chake kisimame ndani ya maji wakati wote.

Kinachonishinda bado ni subira. Nyumbani mvua ya kwanza ikinyesha, nyasi huchipua ndani ya siku chache; huku, hata baada ya jalidi ya mwisho, visiki vyangu hukaa wiki nyingi bila dalili yoyote, vikisubiri udongo upate joto, na mwaka jana nilikitoa chungu kimoja hadi kwenye pipa la taka kabla sijaona ncha nyekundu ya chipukizi pembeni.