Paa Jeupe la Mama Yangu Lisiguswe

Barua ilifika Jumanne jioni, imekunjwa mara mbili na kupenyezwa chini ya lango. Kamati ya wakazi wa mtaa anakoishi mama yangu, upande wa Barabara ya Kangundo jijini Nairobi, inamtaka alipake upya paa la nyumba yake katika muda wa siku 30, kwa rangi ya makaa kama nyumba nyingine zote, kwa sababu rangi nyeupe aliyoipaka mwezi wa Februari inaharibu sura ya mtaa. Nimeisoma barua hiyo mara nyingi. Kila nikifikia neno "sura" hasira hunipanda upya, kwa kuwa walioiandika hawajawahi kukaa katika sebule ya mama yangu saa nane mchana.

Mimi nimekaa. Nyumba yenyewe ni ya vyumba vitatu, imeezekwa kwa mabati membamba ya geji 30 yaliyotoka kiwandani na rangi ya makaa, na chini yake kuna dari jembamba la jipsamu. Kuanzia Januari hadi mvua za Machi zinapoanza, mabati hayo yalikuwa yakitatarika tangu saa tatu asubuhi yanapotanuka, kisha yakitatarika tena jua linapotua na yenyewe yakianza kujikunja. Kufikia saa nane, ukiinua kiganja karibu na dari ulihisi joto kama la mdomo wa jiko la makaa ambalo moto wake umeshakolea. Mama alikuwa na kopo la mafuta ya kupikia, yale yanayoganda, kwenye rafu ya juu jikoni. Kila alasiri yalikuwa yameyeyuka yakawa maji, na kila asubuhi yalikuwa yameganda tena yakiwa na bonde katikati. Mpwa wangu, ambaye hulala kwa bibi yake siku za shule, alitoka vipele vya joto mgongoni na shingoni. Mama mwenyewe, mwenye miaka 71 na shinikizo la damu, alikuwa akiburuta godoro hadi sakafuni, kwa sababu saruji ndiyo iliyokuwa kitu pekee chenye ubaridi ndani ya nyumba aliyoijenga kwa akiba ya miaka 20.

Tulitafuta feni. Tukanunua mbili. Zilizungusha joto lile lile, na tokeni za stima zikaanza kwisha kabla ya mwezi kufika katikati.

Hatimaye tulimwita fundi. Alipanda akakagua, akang'oa misumari iliyolegea na kupigilia mingine yenye raba, akasugua kutu kwenye pembe mbili kwa brashi ya waya na msasa, akaosha paa zima kwa maji ya sabuni na kuliacha likauke. Akapaka rangi ya msingi, kisha nyeupe mikono miwili, yaani tabaka mbili, rangi isiyo na madini ya risasi kwa kuwa mama huteka maji ya paa hilo. Ndoo ya lita 20 haikutosha, ikabidi tuongeze makopo mawili ya lita 4. Wakati wote fundi alikuwa na wasiwasi. "Mama, nyeupe itachafuka na vumbi la huku," alimwambia. Mama akamjibu, "Mwanangu, vumbi nitaliosha. Joto nitaliosha na nini?"

Kazi ilichukua siku tatu, kwa sababu kila mkono ulihitaji kukauka. Siku ya nne nilikwenda kumwona alasiri, nikapitia jikoni. Kopo lilikuwa mahali pake. Nilipochovya kijiko, mafuta yalikuwa yameganda. Joto halikuwa limekwisha, maana Februari ya Nairobi ni Februari, lakini ule uzito uliokuwa ukikandamiza utosi ulikuwa umeondoka, na godoro lilikuwa limerudi kitandani.

Hakuna muujiza hapo, na ndiyo sababu ninaandika kwa uchungu. Nairobi iko kusini mwa ikweta kwa zaidi kidogo tu ya digrii moja. Jua hutupitia utosini mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba, na hata katika miezi mingine adhuhuri haliendi mbali na utosi. Maana yake ni kwamba katika nyumba isiyo na ghorofa, joto kubwa huingia kwa juu, wala si ukutani wala dirishani. Anga likiwa safi adhuhuri, kila mita moja ya mraba ya paa hupokea nguvu ya jua inayokaribia wati 1,000. Paa la mama lina mita za mraba zipatazo 80, yaani wati 80,000, sawa na birika 40 za umeme zikichemka kwa pamoja. Rangi ya makaa humeza karibu nguvu hiyo yote. Sehemu kubwa yake hurudi angani kwa upepo, sikatai, lakini bati ni jembamba mno kuzuia inayobaki, na joto hilo humulikwa chini moja kwa moja juu ya vichwa vya watu. Rangi nyeupe ambayo ingali mpya na safi hurudisha juu takribani sehemu nne kati ya tano za nguvu hiyo kabla haijageuka kuwa joto. Tofauti hiyo yote imetokana na ndoo moja na makopo mawili ya rangi.

Wapo wanaosema kwamba bati lisilo na rangi, linalong'aa, linatosha kwa kuwa nalo hurudisha jua. Ni kweli kwamba hurudisha. Hata hivyo, chuma kitupu kina tabia nyingine: joto kidogo linalokipata hakiliachilii kwa urahisi, kwa hiyo hukaa nalo na kuzidi kupamba moto, ilhali rangi nyeupe hurudisha jua na pia huliachilia lile joto dogo ililolimeza. Zaidi ya hayo, bati hilo hufifia na kushika kutu, na kutu haina weupe wowote.

Jambo hili si geni duniani wala kwetu. Mwaka 2010 wimbi la joto katika mji wa Ahmedabad nchini India lilisababisha vifo vya ziada zaidi ya 1,300. Mji huo ukatunga mpango wa kukabiliana na joto mwaka 2013, na mwaka 2017 ukaanza kupaka weupe mapaa ya vitongoji vya watu wenye kipato kidogo. Jiji la New York limekuwa na mpango wake tangu mwaka 2009, ambapo vijana na watu wa kujitolea hupanda juu ya majengo na ndoo zao. Nasi, kabla ya yote hayo, tulikuwa na Lamu. Nilipokwenda huko kumtembelea shangazi niliingia katika nyumba kuu ya mawe, kuta zake nene zimepakwa chokaa, paa bapa la boriti na mawe juu yake, nikashangaa jinsi mtu anavyoweza kukaa bila feni mahali penye joto kuliko Nairobi. Nyumba za makuti hapo jirani nazo hupumua, kwa kuwa makuti hayashiki joto na upepo hupenya katikati yake. Waliozijenga walilifikiria jua kwanza. Sisi tunafikiria kwanza rangi iliyo katika kitabu cha mwenye kuuza mabati.

Nitakubali machache. Mwezi wa Julai, Nairobi inapojifunika mawingu na watu wanapovaa makoti ndani ya nyumba, paa jeusi lingekupa joto kidogo mchana. Lakini siku hizo jua lenyewe halionekani, na blanketi ya pili haimwumizi mtu mwenye shinikizo la damu. Weupe huchafuka, kwa hiyo ni lazima kuosha walau mara moja kwa mwaka, kabla ya msimu wa joto. Jirani anayeishi ghorofa ya juu anaweza kumulikwa machoni, na huyo ana haki ya kulalamika. Anayeliona tatizo hilo anaweza kuchagua rangi ya maziwa, ambayo hupoteza faida kidogo tu, au kijivu hafifu, ambayo hupoteza zaidi. Katika mtaa wa mama, hata hivyo, hakuna ghorofa hata moja. Kamati haikuzungumzia macho ya mtu yeyote. Ilizungumzia sura.

Ninapoufikiria msimamo huo wa kamati, nafikiria pia wapangaji, kwa kuwa wengi wetu katika jiji hili tunapanga. Mama ana bahati, kwa kuwa paa ni lake. Anayepanga chumba cha mabati katika mitaa ya mabanda ya Mukuru au Mathare, ambako bati ni paa na ni ukuta pia, hawezi hata kugusa rangi bila ruhusa. Mwenye nyumba ndiye anayechagua paa, na mpangaji ndiye anayelipa feni, dawa ya vipele na usiku usio na usingizi. Ikiwa serikali ya kaunti inaweza kudai ramani na vibali kabla ya jengo kuinuka, basi inaweza pia kudai kwamba mabati ya nyumba ya kupangisha yasiwe ya rangi iliyokolea, na kwamba kati ya bati na dari kuwe na nafasi inayopitisha hewa. Sioni ugumu wa sharti hilo, wala sioni gharama yake, maana bati jeupe na bati la makaa lenye unene ule ule hutoka katika mashine ile ile.

Kuhusu maboresho mengine, sina maneno mengi, kwa kuwa yanasemwa kila siku na wanaoyauza. Matundu ya hewa chini ya mapaa ni muhimu kuliko dari la maua. Karatasi ya alumini chini ya bati husaidia, mradi iachiwe nafasi ya hewa; ikibanwa pande zote bila nafasi hiyo haina kazi. Mti upande wa magharibi hufanya kazi ambayo pazia haliwezi. Mitungi ya kupasha maji kwa jua ni jambo jema, na kanuni za mwaka 2012 ziliyataka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yawe nayo, lakini ukipita leo utaona majengo mengi mapya ambayo kila bafu lina shawa ya umeme. Na gata, mifereji ya kukinga maji ya mvua ukingoni mwa paa! Mvua ya milimita 30 juu ya paa la mita za mraba 80 ni lita 2,400. Tuliyaona mafuriko ya Aprili na Mei mwaka 2024, tukaona maji ya mapaa yetu yakiteremka barabarani hadi mtoni na kuwakuta watu wa Mathare, na wiki chache baadaye tulikuwa tukinunua maji kwa mitungi.

Najua pia kwamba Mkenya aliyesoma ataniambia kwamba umeme wetu tayari ni safi, kwamba Olkaria imekuwa ikitupa umeme wa mvuke wa ardhini tangu mwaka 1981, na kwa hiyo feni ya mama haiharibu hewa ya dunia. Nakubaliana naye, na ndiyo maana sikuanza na hewa ya dunia. Nilianza na kopo la mafuta na mgongo wa mtoto. Nyumba inayomtunza aliye ndani yake bila kuchomeka kitu ukutani ndiyo ninayoiita nyumba rafiki wa mazingira, na tunao mfano wake hapa hapa jijini: jengo la ofisi za Umoja wa Mataifa lililofunguliwa Gigiri mwaka 2011 halikutegemea viyoyozi katika ofisi zake, lilitegemea ua wa ndani unaopitisha hewa na mwanga, na paa lililojaa paneli za sola. Wageni kutoka kila pembe ya dunia wanakaa humo kwa starehe kwa sababu mtu alikaa chini akafikiria jua la Nairobi. Mama yangu alifanya vivyo hivyo kwa ndoo ya rangi, naye ameandikiwa barua ya kukaripiwa.

Nilimpigia simu mwenyekiti wa kamati. Alinisikiliza kwa heshima, nami nikamjibu kwa heshima. Alisema, "Tukimruhusu mama mmoja, kesho kila mtu atapaka anavyotaka." Nilimwambia, "Mwenyekiti, kama kila mtu atapaka nyeupe, mtaa utakuwa na sura moja." Alinyamaza kidogo, kisha akasema jambo hilo litajadiliwa katika mkutano wa Jumamosi.

Nitakwenda. Nyumba iliyo jirani na ya mama ina ramani ile ile, vyumba vile vile na geji ile ile ya mabati, ila paa lake lingali la makaa. Jirani huyo amekubali tuingie. Mkutano umepangwa kuanza saa nane mchana, na nimeomba kwa maandishi kwamba kabla ya kura kupigwa, wanakamati wote wakae robo saa katika sebule ya jirani, kisha robo saa katika sebule ya mama, milango ikiwa imefungwa. Mama atapika chai.